TAHADHARI: Shule za urubani Ulaya, msilipe pakeji nzima kwa mkupuo

Wakuu, nimepigwa yuro 14,500 na naandika ili asipigwe mwingine. Jina la shule silitaji, suala liko kwa wakili, ila ujanja wao mtautambua hata mkiukuta nchi nyingine.

Naishi Leipzig. Miaka minne nimepakia mizigo usiku pale uwanja wa ndege, natazama ndege zinaondoka moja baada ya nyingine, kila mwezi naweka akiba. Hela ya kozi ya mkupuo sikuwa nayo, nikaenda njia ya vipande, wanayoita modula: leseni ya binafsi kwanza, halafu mitihani 13 ya nadharia, halafu kukusanya saa za kuruka, mwisho CPL (leseni ya rubani wa biashara) na kibali cha kuruka kwa vyombo. Raha ya njia hii ni kulipia kipande ukikifikia. Raha hiyo hiyo ndiyo waliyoninyang'anya, tena nikiwa nacheka.

Kijana wa mauzo aliniita "kepteni" tangu simu ya kwanza. Punguzo la asilimia 10 nikilipa yote kabla ya Ijumaa, kwa benki tu, kadi hawapokei. Cheti cha afya cha daraja la kwanza? "Utafanya baadaye." (Ukiambiwa hivyo kata simu. Ukifeli macho au moyo, hiyo CPL utaifanyia nini?)

Nilipofika nikaomba kuiona ndege ya injini mbili ya kwenye tangazo. Wakanipeleka nyuma ya hanga. Ipo kweli. Tairi la pua limelala, na bawa la kulia, pale injini inapotakiwa kukaa, pamefunikwa turubai la bluu lililobandikwa kwa utepe. Buibui ameshahamia. Fundi akasema inasubiri kipuri. Tangu lini? Akacheka, akaendelea kufuta mikono.

Ndege mbovu ningeivumilia. Kilichonimaliza ni karatasi. Wale walikuwa DTO. Shule za aina hiyo huanza kazi kwa kupeleka tamko kwa mamlaka ya anga, na zinafundisha leseni za binafsi na nyongeza chache, basi. Rubani wa biashara anafundishwa kwenye ATO, yaani shule iliyoidhinishwa, yenye cheti na kiambatisho kinachotaja kozi zilizoidhinishwa, moja moja. CPL yangu ilikuwa ikafanyike kwa "mshirika" wao nchi jirani. Nikampigia huyo mshirika. Akasema shule hiyo haijui.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata senti, omba cheti pamoja na kiambatisho, tafuta CPL, vyombo na injini mbili kwa macho yako. Kisha waulize mamlaka wenyewe: LBA kwa Ujerumani, ULC kwa Poland, AESA kwa Hispania. Na mtu asikuuzie leseni ya Uingereza kama ni ya EASA, shirika la usalama wa anga la Umoja wa Ulaya. Waingereza walishatoka mwisho wa 2020. Shule ya kule inahitaji idhini ya EASA ya peke yake.

Bei nayo. Tangazo lilisema yuro 165 kwa saa. Saa ikahesabiwa tangu injini inawaka, kwenye uwanja wenye ndege za abiria. Tunakaa foleni dakika 20, propela inazunguka, hatujaenda popote, bili inakimbia. Ongeza ada ya kutua, ongeza mafuta "yamepanda". Nikaishia 214.

Hata shule safi inaweza kufa. Tayside Aviation ya Dundee, shule kongwe kabisa, ilifunga ghafla Aprili 2023 na wanafunzi wakaachwa na hela zao ndani. Mimi sasa niko shule nyingine, na silipi zaidi ya saa tano mbele. Wakinuna, wanune. Kila jioni napiga picha ukurasa wa logibuku (daftari la saa zangu za kuruka) na ripoti ya somo yenye saini ya mwalimu, maana shule ikifungwa, kuzipata karatasi hizo ni kazi nyingine.

Kama umeshalipa mahali na unaona dalili hizi, njoo inboksi nikupe mfano wa barua ya madai niliyowapelekea. Mpaka leo wamenirudishia yuro 2,300. Wanalipa kwa vipande.