Laptopu ya kilo moja na robo kwenye vumbi la Dodoma: uzoefu wangu wa miaka miwili

Kazi yangu ni kufunga vitabu vya hesabu vya vyama vya ushirika na vikundi vya kuweka na kukopa. Naishi Nkuhungu, lakini siku tatu au nne za wiki sionekani nyumbani. Leo niko Hombolo kwa wakulima wa zabibu, kesho Kibaigwa kwenye mahindi, keshokutwa Chamwino. Safari huanza na daladala au noah na kuishia kwenye bodaboda.

Kwa miaka sita nilibeba laptopu ya inchi 15.6 yenye kilo 2.4. Ukiongeza chaja yake nzito, mafaili mawili ya stakabadhi na chupa ya maji, begi linavuka kilo nne. Ukiwa nyuma ya bodaboda kwenye barabara ya changarawe, kila tuta begi linakuvuta nyuma na wewe unavuta mbele. Bega la kulia likaanza kuuma. Nikahamishia mzigo kushoto, nako kukauma. Stakabadhi siwezi kuziacha, maji siwezi kuyaacha. Kilichobaki kupunguza kilikuwa kompyuta.

Nikanunua nyembamba. Jina la kampuni siandiki, kwa sababu ninayosema yanahusu karibu laptopu zote za umbo hili. Ina kioo cha inchi 14, unene wa milimita 15, uzito wa kilo 1.25, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 8, SSD (hifadhi ya mafaili) ya GB 512, betri ya saa-wati 54 (kipimo cha umeme inaobeba), matundu mawili ya taipu-C na tundu la spika za masikioni. Basi. Nililipa shilingi milioni 2.35, na nilikaa na hiyo pesa miezi mitano kabla ya kuitoa.

Siku ya kwanza niliyoibeba kwenda Hombolo nilisimama mara mbili kufungua begi, nikidhani nimeisahau mezani. Mzee mmoja wa bodi, mkulima wa zabibu, aliishika kwa vidole viwili akaniuliza, "Mama mhasibu, hii ni kompyuta au ni daftari?" Bega limepona. Hilo naliweka mbele ya yote, maana mtu akisoma malalamiko yangu huko chini anaweza kudhani najuta. Sijuti. Ila kila milimita iliyoondolewa kwenye hii mashine imetoka mahali, na mimi ndiye niliyekuja kugundua mahali hapo ni wapi.

Mahali pa kwanza ni kibodi. Laptopu yangu ya zamani ilikuwa na kile kisehemu cha namba pembeni kulia. Kwenye inchi 14 hakuna nafasi, kwa hiyo namba zimebaki kwenye ule mstari wa juu peke yake. Kwa mtu anayeandika barua si kitu. Kwa mhasibu anayeingiza stakabadhi 300 za mauzo ya msimu mmoja, ni maumivu. Mkono wangu wa kulia una kumbukumbu yake: tano iko katikati ina kialama cha kushika, nne kushoto, sita kulia, naandika bila kutazama. Kwenye mstari wa juu lazima niinamishe macho kila tarakimu ya pili, na hapo ndipo 38,500 inageuka 35,800 na hesabu inakataa kulingana mpaka saa mbili usiku. Nilinunua kibodi kidogo cha namba cha shilingi 25,000 kinachochomekwa pembeni. Kinafanya kazi vizuri, lakini kinakula tundu moja kati ya mawili niliyonayo.

Tundu la pili basi ni la chaja. Sasa flashi ya katibu wa chama ichomekwe wapi? Printa? Projekta? Jibu ni adapta, kile kikebe chenye mkia wa taipu-C na matundu ya USB na HDMI (la projekta). Nikawa sina budi kukibeba, na siku niliyokisahau ndiyo ilikuwa siku ya mkutano mkuu wa chama kimoja. Projekta ya kukodi imewekwa, shuka jeupe limetundikwa ukutani, wanachama zaidi ya themanini wamekaa, na waya wa HDMI uko mkononi mwangu hauna pa kuingia. Nilisoma mapato na matumizi kwa mdomo, mstari kwa mstari. Wazee walisikiliza kwa adabu, lakini kusikia makato ya mkulima yakisomwa si sawa na kuyaona yameandikwa. Mama mmoja alisimama akasema, "Mwanangu, sisi tungependa kuona kwa macho." Alikuwa na haki kabisa. Tangu siku hiyo adapta imefungwa kwa kamba kwenye zipu ya begi, na nina ya pili nyumbani.

Suala hili si geni. Steve Jobs, mkuu wa Apple, alipoitoa MacBook Air ya kwanza kwenye bahasha ya kaki Januari 2008, kila mtu alishangaa wembamba wake, na ilikuwa na tundu moja tu la USB, haina sehemu ya kuweka CD, na betri mtumiaji hakuweza kuichomoa mwenyewe. Mimi wakati huo hata kompyuta sikuwa nayo. Lakini nikiangalia yangu leo naona ni mpango uleule: wembamba kwanza, mengine utanunua pembeni.

Upande wa umeme, hapa ndipo laptopu nyembamba imenifurahisha kuliko nilivyotarajia. Ya zamani ilikuwa na chaja ya tundu la duara lake peke yake, ukiisahau umekwisha. Hii inachaji kwa taipu-C, kwa hiyo chaja ya wati 65 ya mtu yeyote inafaa, na pawabenki inafaa pia ilimradi iwe na uwezo huo. Yangu ni ya mAh 20,000. Ukizidisha kwa volti 3.7 za betri zake za ndani unapata saa-wati 74. Nyingine hupotea njiani kama joto, lakini inatosha kuijaza laptopu mara moja. Umeme ukikatika saa nne asubuhi nikiwa kijijini, nafanya kazi mpaka jioni bila kumtafuta mwenye jenereta. Kwa Excel na kuandika, mwanga wa kioo ukiwa nusu, betri yenyewe ilinipa saa saba hadi nane mwaka wa kwanza.

Mwaka wa pili ni saa sita. Nilipima. Kwenye Windows unafungua dirisha la amri, unaandika powercfg /batteryreport, inakutengenezea ripoti yenye mistari miwili muhimu: uwezo betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake sasa. Yangu imetoka 54 ikafika 45. Joto na kukaa kwenye chaja ikiwa imejaa ndivyo vinavyoua betri za lithiamu, na mimi nilikuwa nikiiacha kwenye umeme usiku kucha. Sasa nimeweka ikomee asilimia 80 nikiwa nyumbani. Angalia kama yako ina mpangilio huo, nyingi zinao. Betri ya laptopu nyembamba imebanwa ndani kwa skrubu na wakati mwingine gundi, si ile ya kubonyeza kitasa ikachomoka.

Sasa joto na vumbi, na hapa naomba wenzangu wa Dodoma, Singida na Manyoni mnisikilize kwa makini.

Kuanzia Juni mpaka Oktoba mvua hakuna, upepo unavuma, na vumbi letu si la mchanga mzito unaoanguka chini. Ni ule unga mwekundu unaoingia hata kwenye kabati lililofungwa. Laptopu nyembamba ina feni ndogo sana, na kwa kuwa ni ndogo inabidi izunguke kwa kasi kubwa ili kutoa joto lilelile. Inavuta hewa kwa chini kupitia vitundu vidogo na kuitoa nyuma kupitia mapezi membamba ya shaba. Mapezi yale yamekaribiana mno. Unga ule unanasa hapo, unachanganyika na nywele na nyuzi za nguo, unafanya blanketi.

Mwezi wa tisa tangu ninunue, feni ilianza kulia kama nyuki walionaswa kwenye kopo. Kisha Oktoba, ofisi ya chama yenye bati bila dari, saa nane mchana, faili langu la Excel la wanachama likawa linachukua nusu dakika kufanya jambo ambalo asubuhi lilichukua sekunde tatu. Nilidhani ni virusi. Kumbe kichakataji, ule ubongo wa kompyuta, kikikaribia nyuzi 95 au 100 kinajipunguzia kasi chenyewe kisiungue. Nilipeleka kwa fundi mmoja wa Majengo. Akafungua mfuniko wa chini, akaigeuza kuelekea dirishani, akanionyesha: nyuma ya feni kulikuwa na utando mzito wa rangi ya udongo, ameunyanyua kwa kibano ukatoka mzima kama kipande cha kitambaa. Akasafisha kwa brashi na blowa huku feni ameishika kwa kidole isizunguke, akabadilisha ile dawa ya kupitisha joto. Shilingi 30,000. Kabla ya hapo kazi ileile ilikuwa inapandisha joto mpaka 94. Baada ya hapo haikupita 80.

Tangu siku hiyo nasafishisha kila miezi sita, mara moja lazima iwe kabla ya Oktoba. Siiweki kitandani wala juu ya khanga mapajani, kwa sababu inavuta hewa kwa chini. Kijijini natembea na kipande cha mbao laini cha ukubwa wa kitabu. Matundu ya taipu-C nayo yanajaa vumbi mpaka waya unalegea. Nazima kabisa, natumia kijiti cha meno cha mti, taratibu. Zipo nyembamba zisizo na feni kabisa, kama MacBook Air tangu ile ya M1 ya mwaka 2020. Kwa hali ya vumbi letu, hilo ni jambo la kulipima kwa uzito kuliko wanavyolipima watu wa miji mingine, ingawa nazo zikipata moto hupunguza kasi.

Fundi huyohuyo ndiye aliyenipa habari mbaya ya pili. Nilimwomba aniongezee RAM kwa kuwa GB 8 zilikuwa zinanibana nikifungua Excel, programu ya hesabu na kivinjari kwa pamoja. Akatikisa kichwa. "Dada, hapa hakuna pa kuongeza. RAM imelehemewa kwenye mazabodi. Ungechukua ya 16 pale dukani." Ya zamani niliiongezea mwenyewe kwa bisibisi na shilingi 60,000. Kwa hii, uamuzi uliisha siku niliyolipa. Kama kuna kosa moja ninalotaka mtu mwingine asilifanye, ni hilo. Dukani tofauti ilikuwa laki tatu na nikaona ni nyingi.

Kioo nacho. Mfuniko wa laptopu nyembamba ni mwembamba kweli, ukiubana kwa vidole unapinda. Nikitoka Kibaigwa kwenye noah iliyojaa, begi liko miguuni, kijana akateremsha dumu la mafuta ya alizeti la lita 20 juu yake bila kujua. Nilifungua nyumbani nikakuta mstari mweusi kutoka kona ya juu mpaka katikati, na wino umetapakaa. Kioo kilitoka Kariakoo, wiki mbili, shilingi 420,000 pamoja na ufundi. Wiki hizo mbili nilirudi kwenye ile ya kilo 2.4, ambayo imewahi kuanguka mara mbili na haijapasuka kitu. Siku hizi nyembamba inakaa kwenye ganda gumu la ndani, gramu 300 zaidi, na noah nikipanda begi nalipakata.

Na kioo hichohicho hakisomeki vizuri juani. Mwangaza wake ni niti 300, chini ya mwarobaini saa sita mchana nageuza kiti mpaka nipate kivuli kamili. Anayefanya kazi nje atafute niti 400 kwenda juu, na kioo kisichong'aa.

Kwa hiyo nani anunue? Kama laptopu yako inakaa mezani ofisini Mtumba na kurudi nyumbani kwa gari, sioni sababu ya kulipia wembamba. Kwa pesa ileile utapata RAM zaidi, kibodi chenye namba, HDMI na mashine ambayo fundi yeyote anaifungua. Kama unatembea kama mimi, nunua, lakini usifukuzie ile nyembamba kuliko zote. Ya milimita 17 au 18 yenye kilo 1.4 mara nyingi inakuja na HDMI na tundu la kawaida la USB, na wakati mwingine nafasi ya RAM. Gramu 150 hazitaumiza bega lako. Kukosa HDMI mbele ya wanachama themanini kutakuumiza.

Ya zamani iko mezani nyumbani. Binti yangu wa kidato cha tatu anaisomea, na mwisho wa mwezi namwomba nafasi niingize stakabadhi kwa ile kibodi yenye namba. Nyembamba Jumatatu inakwenda Hombolo, imesafishwa, imo kwenye ganda lake, adapta imefungwa kwenye zipu.