Pezi la skrubu au la kubana: lipi kwa Ziwa Kivu?

Kwa ubao wa kasia, ule unaopigiwa kasia ukiwa umesimama, hapa Goma nachagua pezi la skrubu, la mfumo wa US Box. Mapezi ya watengenezaji wengi huingia kwenye mfereji wake ulio chini ya ubao, na unalisogeza utakavyo: likiwa nyuma ubao unanyooka, likiwa mbele unageuka upesi. Dondosha kwanza kinati bapa mferejini, chomeka pini ya pezi, lisukume mpaka matundu yalingane, ndipo ukaze skrubu kwa mkono mwepesi. Kinati changu kiliwahi kuponyoka kati ya mawe meusi ya volkano, jioni ikaishia ufukweni. Sasa nabeba cha akiba.

La kubana halitaki bisibisi, kufumba na kufumbua uko majini. Ila likivunjika, la kampuni nyingine mara nyingi halikubali kuingia.