Siku 10 za Vipassana: kimya, pumzi na magoti
Kozi ya Vipassana (kutafakari kwa kufuatilia pumzi na hisia za mwili) ya mtindo wa mwalimu S. N. Goenka haina ada. Mwishoni unachangia ukipenda. Lakini si mapumziko. Kengele inalia saa 10 alfajiri, simu na vitabu umeshakabidhi, na kuongea na wenzako ni mpaka siku ya 10 (mwalimu unaruhusiwa kumwuliza).

Siku 3 za mwanzo kazi ni moja tu: kuhisi pumzi ikiingia na kutoka puani, bila kuihesabu. Wengi hukosea hapa. Wanapumua kwa nguvu ili waihisi, kichwa kinaanza kuuma. Pumzi ikipotea, ivute kwa nguvu kidogo mara chache, kisha iache ijiendee. Kuanzia siku ya 4 unapitisha umakini mwilini, utosini hadi vidoleni, na kila siku kuna vikao 3 vya saa nzima bila kubadili mkao. Magoti yatalia. Kalia mto mnene, magoti yawe chini kuliko nyonga, au omba kiti mapema.

Chakula hakina nyama, na jioni mwanafunzi mpya hupata chai na matunda basi. Mafunzo ya jioni yamerekodiwa, marefu, yanajirudia mno. Aliyewahi kuugua akili aseme kwenye fomu, maana kimya kirefu kinaweza kuuamsha ugonjwa.