Zuhura ya Velikovsky au jiwe la Mexico?

Kijiweni kwetu Moshi, sayari ya Zuhura ikionekana tu alfajiri ubishi wa majanga kutoka angani unaanza. Velikovsky, mwandishi aliyetegemea hekaya za kale, 1950 alidai ilichomoka sayari ya Mshtarii (Jupita) kama nyota yenye mkia ikaivuruga dunia miaka kama 3,500 iliyopita. Wengine wanashikilia lile jiwe lililopiga Mexico miaka milioni 66 nyuma, dinosaria wakaisha.

Kwa utamu wa stori Velikovsky anashinda, miungu yote ya kale inapata kazi. Kwa ushahidi hapana aisee, jiwe limeacha shimo la kilomita kama 180 na iridiamu, metali adimu duniani ila nyingi kwenye mawe ya angani, kwenye tabaka la udongo kila pembe ya dunia, halafu Wababeli walishaandika mienendo ya Zuhura kabla ya tarehe anazodai Velikovsky. Ila jiwe halikuwa na binadamu wa kulisimulia.

Unawasimulia watoto, chukua Zuhura. Una mtihani wa jiografia, shika jiwe.