Elimu ya hesabu za mgahawa na gesti kwa walio Mtwara na Lindi: ipi ulipie kwanza

Msimu wa korosho ukifunguka, kuanzia Oktoba hivi, fedha huonekana Kusini nzima. Wanunuzi wanashuka Masasi, Newala na Tandahimba, gesti zinajaa, na sahani za wali kuku zinatoka mpaka usiku. Ikifika Machi, wenye migahawa wengi ninaowafahamu huanza kujiuliza hela imekwenda wapi. Nami nilijiuliza hivyo miaka miwili mfululizo hapa Mtwara mjini, huku nauza sahani zaidi ya sabini kwa siku. Kilichonitoa ni kujifunza hesabu, ila kabla ya kufika hapo nilishalipia mafunzo ambayo hayakunisaidia kitu. Naandika haya ili wewe usilipe mara mbili.

Kabla ya kuuliza chuo gani kizuri, jua kwanza unachokwenda kununua. Hesabu za chakula zina ugumu wake. Mwenye duka la nguo akinunua mashati kumi, atauza mashati kumi. Wewe ukinunua samaki kilo kumi, huuzi kilo kumi. Tuseme umechukua changu kilo 10 soko la samaki la Feri kwa shilingi 9,000 kila kilo. Umetoa 90,000. Ukishapara magamba na kutoa matumbo zinabaki kilo 8. Hapo kilo yako haina tena bei ya 9,000, ni 11,250. Ukikata vipande vya gramu 250 unapata sahani 32, na kila kipande kimekugharimu shilingi 2,812 na ushee, wakati wewe kichwani unahesabu 2,250. Ile tofauti, kwa sahani zote 32, ni shilingi 18,000. Hakuna aliyekuibia. Umejipunja mwenyewe, tena kwa samaki wa siku moja tu, kabla hujagusa mchele, nazi, mafuta na mkaa.

Jambo la pili ni stoo. Chukua thamani ya vitu vilivyokuwemo Jumatatu asubuhi, ongeza ulichonunua wiki nzima, toa kilichobaki Jumapili usiku. Kinachopatikana ndicho chakula ulichotumia kweli. Mfano: ulianza na 180,000, ukanunua vya 620,000, kikabaki cha 150,000. Umetumia 650,000. Kama mauzo ya wiki ni 1,600,000, chakula kimekula karibu asilimia 41 ya mauzo. Wenye hoteli wengi duniani hulenga asilimia 28 hadi 35. Kwa maoni yangu, mgahawa wa kwetu wa wali na ugali unaweza kuishi na 40 kama pango ni dogo na jikoni mko wachache. Ukivuka hapo, kuna mahali panavuja: bei ya sahani, upawa wa mpishi, au mlango wa nyuma.

Mwenye gesti naye ana hesabu yake. Shangazi yangu ana vyumba 12 Lindi mjini. Kwa mwezi wa siku 30 ana usiku 360 wa kuuza. Akiuza 198, vyumba vimejaa kwa asilimia 55. Kwa 25,000 kila chumba anapata 4,950,000, yaani 13,750 kwa usiku mmoja kwa kila chumba alichonacho, kilicholala mtu na kilicholala tupu. Namba hiyo ya mwisho ndiyo inayomwambia kama kushusha bei Aprili kunamsaidia au kunamfilisi. Aliendesha gesti miaka mingi bila kuijua, na ni mama mwenye akili sana.

Kwa hiyo kipimo changu ni kimoja: je, mafunzo haya yatakufanya upige hesabu hizi tatu, kwa daftari lako mwenyewe, ndani ya wiki mbili za mwanzo? Nimepanga kwa kipimo hicho.

Ya kwanza: mhasibu aje akae kaunta kwako

Hii naiweka juu ya zote, na siyo kwa umbali mdogo. Mtwara tuna bahati ya kuwa na kampasi ya Chuo cha Uhasibu Tanzania, TIA, kwa hiyo vijana waliosoma hesabu hapa mjini si wa kutafuta kwa tochi. Mimi nilimpata dada mmoja aliyewahi kushika stoo ya hoteli. Alikuja kwa Jumamosi nane, wakati wa mchana, baada ya wateja wa chakula cha mchana kupungua, na nilimlipa 25,000 kila alipokuja. Jumla 200,000. Siku ya kwanza hakufundisha neno. Aliomba risiti zangu, kaunta buku, taarifa ya Lipa Namba na daftari la madeni, akavipanga mezani, akaniuliza, "Mama, jana umeuza shilingi ngapi?" Nikataja. Tukajumlisha. Nilikuwa nimekosea kwa zaidi ya 40,000, kwa sababu waliolipa kwa simu nilikuwa nawahesabu leo, kesho nikitoa hela kwa wakala nawahesabu tena.

Ukichukua njia hii, patana naye mambo mawili mapema. Moja, asikuandikie, kalamu iwe mkononi mwako, yeye asahihishe. Akikuandikia, siku akiondoka anaondoka na elimu yako. La pili, hagusi fedha wala namba ya siri ya simu. Anayekataa sharti hilo, mshukuru na umuage. Na usimchukue aliyezoea hesabu za ofisini tu. Atakufundisha uchakavu wa magari wakati wewe unataka kujua kwa nini lita tano za mafuta zinaisha siku mbili.

Udhaifu wake ni kwamba kila kitu kinategemea mtu uliyempata, na huondoki na cheti. Kama huhitaji cheti, huo si udhaifu.

Ya pili: TRA na SIDO

Watu wanakwepa ofisi ya TRA, mamlaka ya mapato, kama vile kuna mbwa mlangoni. Nenda. Elimu ya mlipakodi ni bure, na ndiyo itakayokuonyesha kwamba daftari lina thamani ya fedha taslimu. Katika jedwali la kodi ya wafanyabiashara wadogo lililowekwa na Sheria ya Fedha ya 2019, mwenye mauzo ya kati ya milioni 4 na milioni 7 kwa mwaka asiye na kumbukumbu alitozwa shilingi 100,000, na mwenye kumbukumbu asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4. Mama lishe anayeuza 20,000 kwa siku, siku 300, anafikisha milioni 6. Kwa jedwali hilo, bila daftari ni 100,000. Kwa daftari ni 60,000. Hiyo 40,000 ni kiroba cha mkaa na zaidi. Jedwali linaweza kuguswa kila bajeti inayoanza Julai, kwa hiyo omba la mwaka huu, na uulize hapohapo kuhusu mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, na kiwango cha mauzo kinachokulazimu kujisajili VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Nendeni Januari, msingoje mpaka wakaguzi wapite mtaani.

SIDO, shirika la viwanda vidogo lililopo Mtwara na Lindi pia, hufundisha wajasiriamali kuweka kumbukumbu na kupanga bei. Mafunzo ni ya biashara kwa ujumla, utakaa na mshona viatu na msindika korosho, na mambo ya jikoni utayaongezea mwenyewe. Bado ni msingi mzuri, hasa kama hujawahi kutenganisha hela ya biashara na hela ya nyumbani. Usipoweza hilo, mengine yote hapa chini hayatakufaa.

Ya tatu: VETA

Ni vyuo vya ufundi stadi: kipo Mtwara, kipo Lindi. Uzuri wake ni kufundisha kwa vitendo, na mtu aliyeishia darasa la saba hajisikii mgeni. Uliza kama kuna kozi fupi ya mambo ya hoteli au biashara inayofunguliwa, na kama ipo ya jioni. Omba kuona mada kabla ya kulipa. Ukiona kupima mapishi na kutunza stoo, lipa. Kwa watu wa Lindi hii ina uzito zaidi, maana kwenda TIA Mtwara na kurudi ni zaidi ya kilomita 200, na gesti haiwezi kuachwa kila siku.

Ya nne: astashahada ya uhasibu TIA

Ni elimu nzuri kuliko zote hapa, ila kwa mwenye biashara anayesimama jikoni saa kumi na moja alfajiri siyo ya kwanza. Ni mwaka mzima, inataka ufaulu wa kidato cha nne, na utaanza na debiti na krediti, leja na urari wa majaribio muda mrefu kabla ya kukutana na samaki. Mimi nilimshauri jirani yangu amlipie binti yake, ambaye ndiye atakayeirithi biashara, naye asimame kaunta jioni na wakati wa likizo. Hapo fedha inakaa nyumbani. Ukimlipia mhudumu, andikianeni kwanza atakaa kwako muda gani baada ya kumaliza.

Mitihani ya bodi ya wahasibu, NBAA, ni ya anayetaka kazi ya uhasibu. Mgahawa hauihitaji.

Ya tano: programu za simu

Wengi huanza hapa, na hapa ndipo wanapokwama. Loyverse unaipata bure kwenye simu ya Android kwa huduma za msingi. Inahesabu mauzo kwa kila chakula, na kwa baa ni msaada mkubwa kwa sababu chupa ni chupa. Lakini haijui kwamba mpishi kaweka nazi tatu badala ya mbili. Hilo lazima uiambie wewe, na huwezi kuiambia kama hujapima. Risiti yake pia siyo risiti ya EFD. Jifunze kwa daftari miezi mitatu, ndipo uhamie kwenye simu.

Ya sita: kozi za intaneti

Nyingi ni za Kiingereza na zimejengwa juu ya mfumo wa hoteli kubwa uliotokea New York mwaka 1926, unaotenga mapato ya vyumba, chakula na idara nyingine. Wazo lenyewe la kutenga ni zuri, na nimelichukua: shangazi sasa ana daftari la vyumba na daftari la chai ya asubuhi, na ndipo alipogundua chai ilikuwa ikila faida ya vyumba. Kama Kiingereza chako kimesimama na bando lipo, angalia za bure. Usilipe dola kwa ajili ya cheti.

Ya mwisho: semina za siku mbili tatu ukumbini

Ndizo nilizolipia mimi. Begi, kalamu, chai, picha ya pamoja, cheti chenye jina langu limekosewa. Mwalimu alizungumza vizuri, lakini hakuna daftari la mtu yeyote lililofunguliwa. Niliumia kwa sababu fedha ile ilikuwa ya pango.

Kwa mama lishe anayeanza leo pale sokoni au stendi, usilipe popote bado. Nunua kaunta buku moja na mzani wa jikoni. Ukurasa wa kushoto kilichoingia, wa kulia kilichotoka, na chakula ulichokula wewe na watoto kiandike kwa bei yake, kama mteja mwingine. Funga kila usiku kabla ya kuosha sufuria ya mwisho. Baada ya mwezi peleka daftari hilo TRA na SIDO, halafu mtafute yule mhasibu wa Jumamosi.

Na yeyote utakayemlipa, mtu au chuo, mpe mtihani huu kwanza: mwambie una kuku wa shilingi 18,000, unamkata vipande nane, unauza kipande na wali, akupangie bei. Akianza kukuuliza kuku alikuwa na uzito gani baada ya kunyonyolewa, mchele gramu ngapi, mkaa wa siku shilingi ngapi, toa hela. Akigawanya 18,000 kwa nane kisha akaongeza faida, rudisha pochi mkobani.