Kioo cha gari kikipasuka: cha mbele nunua kipya, cha mlango hata mtumba

Ukitoka Awasi kwenda Chemelil msimu wa kuvuna miwa, usilikaribie trekta kwa nyuma. Matairi yake hubana mawe ya njia za shambani, na likishashika lami huyatema. Jiwe langu lilinipata kwenye kioo cha mbele upande wa abiria, likaacha nyota ndogo kama sarafu ya shilingi. Nikasema nitaishughulikia mwisho wa mwezi. Siku ya tatu gari lilishinda juani Kondele, mjini Kisumu, nikaingia, nikawasha AC na kuielekeza kwenye kioo. Nikasikia "tak!" Mstari ukakimbia kutoka kwenye nyota hadi ukingoni huku nikiutazama.

Kwa hivyo kabla ya kununua chochote, namba moja kwenye orodha yangu ni kuziba. Alama iliyo ndogo, isiyo mbele ya macho ya dereva na isiyogusa ukingo, hudungwa gundi maalumu ya maji kisha ikaushwe kwa taa. Ukipigwa jiwe, bandika seloteipu hapo hapo na usipeleke gari kuoshwa. Vumbi na sabuni vikishaingia ufani, gundi haishiki tena.

Ikiwa umechelewa kama mimi, jua kwanza unachokwenda kununua. Kioo cha mbele ni lamineti, yaani vioo viwili vyembamba vilivyobanwa pamoja na utando wa plastiki katikati, kwa kawaida wa milimita 0.76. Kikipigwa hupasuka lakini hakimwagiki, maana vipande vinang'ang'ania utando. Vioo vya milango na cha nyuma, kwa magari mengi, ni tempa: kioo kimoja kilichopashwa moto kupita nyuzi 600 kisha kikapozwa ghafla kwa upepo. Kikivunjika kinakuwa punje, zile zinazong'aa kwenye lami palipotokea ajali. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua cha kununua, na ndiyo wauzaji wengi huipita haraka.

Kwa kioo cha mbele, bora kwa mfuko wa kawaida ni lamineti kipya cha kiwanda kingine, si cha kampuni iliyounda gari lako, mradi kina alama. Inama utazame pembe ya chini. Unatafuta herufi E ndani ya duara ikiwa na namba, pamoja na 43R, ambayo ni kanuni ya Umoja wa Mataifa ya vioo vya magari. Au utafute neno DOT pamoja na AS1, alama za Marekani. Ukiona AS2 kwenye kioo unachouziwa kama cha mbele, rudisha, hicho si cha mbele. Vingi vinavyouzwa vipya vimetoka Uchina, na hilo lisikutishe. Fuyao, kwa mfano, huuzia hata viwanda vinavyounda magari. La kukutisha ni kioo kisicho na maandishi yoyote, au chenye maandishi yanayobanduka ukiyakwaruza kwa ukucha.

Nafasi ya pili ni kioo halisi cha kampuni ya gari. Ni kizuri, ila bei yake hukausha koo. Mimi ningekinunua kwa sababu moja tu: gari lenye kamera nyuma ya kioo cha kati cha kutazamia nyuma, kama Subaru zenye EyeSight na baadhi ya Toyota Axio na Fielder za kuanzia 2015. Kamera hiyo inatazama barabara kupitia kioo, na sehemu ya kioo iliyo mbele yake ikiwa na mawimbi kidogo, kamera itapotoka. Hata ukiweka kioo halisi, kamera lazima ipimwe upya kwa mashine. Kabla fundi hajagusa kioo cha zamani, muulize kama anaweza kuipima, si baada.

Ya tatu, na kwa mbali, ni mtumba. Najua kinavutia kwa sababu kimetoka kwenye gari kama lako na kina maandishi ya Kijapani. Lakini kioo cha mbele kimegundishwa kwenye fremu, na kukitoa ni kukikata kwa waya au kisu. Ukingo unapata mikwaruzo usiyoiona, na ufa huanzia ukingoni. Halafu kuna umri. Mchanga umekichokonoa miaka mingi, na usiku ukikutana na taa za lori pale Ahero kioo kizima kinawaka ukungu. Ukiona weupe kama maziwa pembezoni, unyevu umeshaingia kwenye utando. Kwa gari la kizamani ambalo kioo kimeshikwa na mpira tu, hapo sawa, kwa sababu hutoka bila kukatwa.

Tempa mbele usikubali, hata ukipewa bure. Kikipasuka kwa mwendo hugeuka cheupe chote na huoni mbele.

Sasa milango, na hapa orodha inapinduka. Mtumba unakuwa namba moja. Tempa haina utando wa kuoza wala haihitaji kukatwa kutoka kwenye gundi ikitolewa, na cha gari kama lako kina mkunjo ule ule, rangi ile ile ya kijani na matundu yale yale ya kushikia. Pitisha kidole ukingoni kote kutafuta meno, angalia mikwaruzo ya wima inayoachwa na mpira mchafu, kisha hakikisha mwaka na umbo vinalingana. Mkunjo ukitofautiana kidogo tu, kioo kitakwama katikati mvua ikinyesha. Kwa cha nyuma, chunguza ile mistari ya kupasha joto, usikute imekatika.

Cha mlango kipya ni namba mbili, kwa sababu tu ya bei.

Namba ya mwisho ni cha fundi wa madirisha ya nyumba. Anapima kwa kadibodi, anakata, anasaga ukingo, na kwa dakika 40 umeondoka. Jirani yangu alifanyiwa hivyo kwenye Probox. Kikivunjika, kile ni visu kando ya shingo ya mtoto. Kuna jaribio rahisi: tempa haikatiki, ukijaribu inamwagika yote. Fundi akikuambia "nitakikata kitoshee mlangoni", ameshakujibu ni kioo gani. Lori au trekta lenye kioo bapa cha mbele ni jambo jingine, kwa kuwa lamineti bapa hukatwa vizuri tu.

Kabla hujalipa, soma bima yako. Bima kubwa nyingi zina kifungu cha kioo cha mbele chenye kikomo chake, na kampuni huenda ikataka picha kabla kioo hakijaguswa.

Kisha uliza gundi. Iwe ya urethani, na praima nyeusi kwanza, yaani kipako cha kuifanya gundi ishike, si silikoni ya masinki. Kwenye magari mengi mfuko wa hewa wa abiria ukifumuka huegemea kioo cha mbele, kwa hiyo kikiwa kimeshikwa kidogo kitatoka nje pamoja nao. Subiri saa zilizoandikwa kwenye mkebe, na uache dirisha wazi kidogo ili mlango ukifungwa kwa nguvu usisukume kioo.

Mimi sikuuliza. Wiki ya pili mvua ya Kericho ilinikuta njiani kwenda Nakuru na maji yakadondoka kwenye goti la mke wangu, tone kwa tone hadi Mau Summit. Fundi wa pili hakuhitaji kisu wala waya. Aliweka viganja viwili ndani, akasukuma, na kioo kipya kikatoka kizima.