Vifaa vya studio ya nyumbani: kipi kwanza, kipi kisubiri

Anayeanza kurekodi nyumbani huniuliza anunue maiki gani. Mimi humuuliza atarekodia chumba gani. Kuta tupu na sakafu ya vigae hurudisha sauti, na maiki ghali itaunasa mwangwi huo vizuri kuliko ile rahisi. Ndiyo maana nafasi ya kwanza kwenye orodha yangu haina hata waya: ni mablanketi mazito, kabati lililojaa nguo, godoro lililosimamishwa nyuma ya mwimbaji. Nyuma yake hasa, kwa sababu maiki nyingi za kuimbia husikia zaidi upande wa mbele, na ukuta ulio mgongoni mwake ndio unaozirushia mwangwi. Niliwahi kununua sponji nyembamba za kubandika ukutani, nikajuta. Zilimeza sauti za juu tu, besi ikabaki inavuma. Wimbi la besi la hezi 100, yaani mitetemo 100 kwa sekunde, lina urefu wa mita 3.4 hivi, sponji ya sentimita tatu hailiwezi.

Nafasi ya pili ni maiki. Kama nje kuna pikipiki na majirani, chukua dainamiki, aina ya maiki isiyonasa sana sauti za mbali, mfano Shure SM58, ambayo imekuwa sokoni tangu 1966 na bado inafanya kazi yake. Kondensa, aina inayonasa hata sauti ndogo, kama Audio-Technica AT2020, hutoa sauti yenye undani zaidi, lakini inataka chumba kimya na umeme wa volti 48 kutoka kwenye saundi kadi, kifaa kinachounganisha maiki na kompyuta. Shure SM7B ni nzuri mno, ila inahitaji kuongezewa nguvu kama desibeli 60 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na saundi kadi nyingi ndogo huhema zikifika hapo. Kabla ya kuhamia maiki ya bei ya juu, jaribu kusogea: ukipunguza umbali kwa nusu, sauti yako hupanda kwa takribani desibeli 6 huku mwangwi wa chumba ukibaki pale pale. Sentimita 15 kutoka mdomoni, na kichujio cha pumzi katikati, hubadilisha rekodi kuliko watu wanavyodhani.

Ya tatu ni hedifoni zinazofunika sikio lote, ili mdundo usivuje ukaingia kwenye maiki. Sony MDR-7506 zimetengenezwa tangu 1991, na mimi bado ningezinunua leo.

Saundi kadi naiweka ya nne, na hapa usijitese. Karibu zote za sasa zinarekodi kwa biti 24, yaani kwa undani wa kutosha hata sauti ikiwa chini, kwa hiyo huna haja ya kupandisha sauti hadi taa nyekundu. Vilele, yaani pale sauti inapopanda zaidi, vikigusa desibeli -12 (0 ndiyo kikomo) vinatosha. Programu anza na Audacity, ni ya bure.

Spika za studio ziwe za mwisho. Chumba kinachovimbisha besi kitakufanya uipunguze, na wimbo uliokunogea hapo utasikika mwembamba ukiupiga garini.